Jakuzi la nyumbani: lilivyosimikwa kwetu na ninavyolitunza

Mama ana baridi yabisi ya magoti. Asubuhi ndiyo iliyokuwa ikimtesa: akishuka kitandani hushika ukuta, kisha kiti, kisha mkono wangu, na mpaka saa nne ndipo viungo vilianza kulegea. Daktari wake ndiye aliyetaja maji ya moto. Ndivyo jakuzi lilivyoingia kwetu, na ndiyo sababu kwa miaka sita nimelishughulikia mwenyewe. Jina lenyewe lina historia ya ugonjwa huohuo. Candido Jacuzzi, mhamiaji wa Kiitaliano huko California ambaye familia yake ilitengeneza pampu, alimbunia mwanawe aliyeugua baridi yabisi pampu ya kusukuma maji ndani ya beseni la kuogea, na ikaingia sokoni mwaka 1956.

Ninachoeleza hapa ni beseni la kusimama juu ya ardhi, lenye hita na pampu zake tumboni, la watu watano. Tulifanya makosa mawili makubwa, moja la sakafu na moja la maji. Nitayaeleza yote mawili, maana ndiyo yaliyonifundisha.

Anza na uzito

Kabla hujaangalia rangi wala kuhesabu matundu ya kusukumia maji, chukua kalamu. Beseni letu tupu lina kilo 300. Linabeba lita 1,200, na lita moja ya maji ni kilo moja. Watu watano wa kilo 75 ni kilo 375. Jumla ni kilo 1,875, na zote zimekaa kwenye eneo la mita 2 kwa 2, yaani karibu kilo 470 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, miaka nenda rudi. Roshani za nyumba nyingi hazikujengwa kubeba hivyo. Ukitaka kuliweka ghorofani, mtafute mhandisi wa majengo aje apige hesabu zake kwanza, hata kama fundi anakuapia kwamba sakafu ni imara.

Sisi tuliliweka chini uani, juu ya matofali yaliyotandikwa kwenye mchanga. Aliyetutandikia alisema ardhi ni ngumu, nami nikaridhika. Mvua zilipokwisha, pembe moja ilikuwa imezama sentimita tatu. Maji yalisimama upande mmoja, upande wa chujio ukabaki mtupu nusu, pampu ikawa inavuta hewa na kulia kama mtu anayekoroma. Baadaye kiungo cha bomba kilichokuwa kimepindishwa na uzito kikaanza kuvuja. Tulimwaga maji yote, tukaita wanaume wanane kulinyanyua, tukaanza upya.

Safari hii tulichimba udongo laini wote, tukajaza kokoto na kuzishindilia, tukatandaza wavu wa nondo, tukamwaga zege la unene wa sentimita 10. Uso wake uko juu kidogo ya uwanja ili maji ya mvua yasituame chini ya beseni. Pima maji ilipita huku na huku, kona kwa kona, kabla zege halijakaza. Tulilimwagilia siku saba mfululizo, na hatukuweka uzito juu yake hadi siku 28 zilipotimia, muda ambao zege hupewa lifikie nguvu yake. Kungoja mwezi mzima kunachosha ukiwa na mgonjwa ndani, lakini tangu hapo halijasogea.

Upande wenye mlango wa pampu na hita, acha nafasi ya sentimita 90. Fundi anahitaji kupiga magoti pale na kunyoosha mkono. Nimeona jakuzi lililozungushiwa kuta likapendeza sana, halafu pampu ilipokufa ikabidi ukuta ubomolewe. Fikiria pia maji yatakwenda wapi siku ya kumwaga. Lita 1,200 si ndoo ya kumwagia mlangoni.

Umeme ni kazi ya fundi umeme

Hapa usijaribu mwenyewe. Mimi najua kufunga bomba, kubadilisha pampu, hata kupima volti, lakini waya wa jakuzi sikuugusa. Mtu aliyelowa, amekaa ndani ya maji, hana kinga yoyote dhidi ya umeme. Unachoweza kufanya ni kujua cha kudai. Dai laini yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu, isiyogawana na friji wala taa. Dai kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, cha milliampia 30. Dai ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, iliyopimwa mbele yako, si ya kuambiwa tu ipo. Na dai swichi ya kuzimia yote, iliyo mahali unapoiona ukiwa umesimama kwenye jakuzi, lakini mtu aliye ndani ya maji hawezi kuifikia. Yetu iko mita mbili na nusu. Kanuni za umeme za kwenu zikitaka zaidi ya hapo, zifuatwe. Kile kifaa cha kukata umeme kina kitufe cha kujijaribu. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, hakuna anayeingia majini mpaka fundi aje.

Usiwashe chochote kabla maji hayajafika alama ya kujazia. Hita ikipata moto bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Ukijaza, tumbukiza mpira wa maji ndani ya tundu la chujio, si katikati ya beseni. Maji yakipitia pale husukuma hewa nje ya mabomba. Baada ya hapo, uwe na subira. Hita yetu ni ya kilowati 3, na kupandisha lita 1,200 kutoka nyuzi 20 hadi 38 kunakula takriban yuniti 25 za umeme, zaidi ya saa nane. Funika muda wote huo, kwa sababu joto jingi hupotelea juu, kwa mvuke.

Maji

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipomkosea mama.

Mwaka wa kwanza wajukuu walikuja likizo, sita kwa mpigo, wakaogelea mchana kutwa. Jioni maji yalionekana safi. Sikuyapima. Kesho yake mama aliingia, na siku mbili baadaye alitoka vipele vyekundu vinavyowasha tumboni na mapajani, hasa pale nguo ya kuogea ilipobana. Watoto watatu nao vilevile. Daktari alivitambua mara moja: ni bakteria aitwaye Pseudomonas, anayependa maji ya moto yaliyoishiwa dawa. Vilipona, lakini sikusahau mama alivyokaa akijikuna na huku akiniambia si kosa langu.

Kuna baya zaidi ya vipele. Bakteria wa Legionella, aliyegunduliwa baada ya wajumbe wa mkutano mmoja kuugua Philadelphia mwaka 1976, huzaliana katika maji ya nyuzi 25 hadi 45, na jakuzi liko palepale. Humwingia mtu kwa kuvuta mvuke na matone madogo, kisha hushambulia mapafu. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, beseni la aina hii liliwekwa likiwa linachemka mapovu ili watu walitazame. Hakuna aliyehitaji kuingia ndani. Walipita karibu tu, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Nikimkumbuka mama na mapafu yake ya miaka 74, sioni uvivu wa kupima.

Napima kwa karatasi za kuchovya kila siku ambayo mtu ataingia, kabla hajaingia. Hata wiki ambayo hakuna mtu, napima mara mbili. Klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Mimi huishikilia kati ya 3 na 5. Ukitumia bromini badala ya klorini, isipungue 4. Joto na mapovu huimaliza dawa haraka, kwa hiyo usidhani ya juzi bado ipo. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikifika 8, sehemu kubwa ya klorini yako imo majini lakini imelala, haiui kitu. Ikishuka sana, maji yanachoma macho na kula vyuma vya hita.

Fuata mpangilio huu: rekebisha kwanza ualkali, kisha pH, klorini iwe ya mwisho. Ualkali ndio unaoituliza pH isirukeruke, na unatakiwa uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Kuupandisha natumia baikaboneti ya soda, ileile ya jikoni: katika lita 1,200, gramu 20 huinua kwa takriban 10. Nilihangaika miezi mitatu na pH inayopanda na kushuka kwa sababu nilikuwa nairekebisha yenyewe huku ualkali ukiwa 40. Ugumu wa maji, yaani madini ya chokaa yaliyomo, nao una sehemu yake, miligramu 150 hadi 250 kwa lita; maji laini mno hutoa povu na kula vyuma, magumu mno huacha ukoko mweupe kwenye hita.

Kuhusu kushika dawa zenyewe nina ukali. Glavu na miwani, kila mara. Poda inatiwa kwenye maji, kamwe maji hayatiwi kwenye poda. Dawa mbili zisikutane, hata kwenye kijiko kimoja, maana aina mbili za klorini zikichanganyika zinaweza kuwaka moto, na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayoweza kuua. Ninaweka moja, nawasha pampu, nangoja, ndipo naweka nyingine. Kifuniko kinabaki wazi dakika 20 ili gesi itoke; ukifunga mapema inakila kifuniko kwa ndani. Na ukisikia ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini, ujue ni klorini iliyokwisha kuchoka kwa kushikana na jasho na mkojo. Dawa iongezwe, isipunguzwe.

Kwa hiyo kila mtu kwetu anaoga kwanza, kwa sabuni, na kujisuuza. Mafuta ya kujipaka na sabuni iliyobaki kwenye nguo ndivyo vinavyoleta povu. Nguo za kuogelea zisuuzwe kwa maji matupu.

Chujio nalisuuza kila Jumamosi kwa mpira wa maji, mkunjo kwa mkunjo. Mara moja kwa mwezi nalilaza usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia machujio, kamwe si sabuni ya vyombo. Nunua machujio mawili, moja likilowekwa jingine linafanya kazi. Likianza kuwa na nyuzi nyuzi, litupe.

Joto: nyuzi 40 ndio mwisho, kwa yeyote. La mama ni 37, dakika 15, kwa sababu ya presha, na haingii peke yake. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wazungumze na daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asiingie. Watoto chini ya miaka mitano hawaingii kwetu kabisa, miili yao hupata joto upesi mno. Kifuniko kina kufuli, na ufunguo hauning'inizwi karibu. Tazama pia vifuniko vya matundu yanayovuta maji. Kimoja kikivunjika au kulegea, zima, kwa kuwa mvuto wake unaweza kunasa nywele na kumshikilia mtu chini ya maji.

Kumwaga na kujaza upya

Dawa hazizuii maji kuchoka. Hesabu ninayotumia ni rahisi: lita za beseni, gawanya kwa 12, kisha gawanya kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Sisi ni wawili, kwa hiyo 1,200 inatoa siku 50. Hata kama mnaingia mara chache, msipitishe miezi minne.

Siku moja kabla ya kumwaga natia dawa ya kusafishia mabomba na kuendesha pampu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake. Mara ya kwanza nilishtuka: kutoka kwenye maji niliyoyaona safi yalipanda mabonge ya utando wa kijivu, wenye utelezi. Ule ndio unaokaa ndani ya mabomba na kuwaficha bakteria wasifikiwe na klorini. Kisha nazima umeme kwenye swichi kuu, ndipo nafungua koki. Ukitaka maji yaende bustanini, acha kutia dawa siku kadhaa bila mtu kuingia, mpaka karatasi ionyeshe klorini sifuri. Yasielekezwe mtoni.

Lifute beseni kwa kitambaa laini, usitumie unga wa kusugulia. Jaza kupitia tundu la chujio. Ukiwasha na pampu ikanguruma bila maji kutoka, kuna hewa imenaswa: zima umeme, legeza kidogo nati ya kiungo kilicho juu ya pampu, acha hewa ifuke mpaka maji yaanze kudondoka, kaza, washa tena. Ilinichukua jioni nzima kugundua hilo, na nusura niagize pampu mpya.

Kwa kawaida nalijaza beseni mchana ili lipate joto usiku. Alfajiri mama anakuwa ameshakuja na taulo begani. Namwekea kiti, nachovya karatasi, tunangoja rangi pamoja.