Kupeleka posa Iringa na Mbeya: mshenga, barua na orodha ya mahari

Posa nyingi huharibika kabla mahari haijatajwa, na chanzo huwa mshenga. Tafuta mtu mzima, mwenye ndoa iliyotulia, anayejua lugha ya nyumbani kwa binti: kwa Wahehe na Wabena aingie na "kamwene", Rungwe aingie na "ugonile". Rafiki wa kijiweni atakubali kila kinachotajwa, maana hajawahi kukaa na wazee wakivutana juu ya ng'ombe.

Mshenga asiende kabla shangazi wa binti hajaleta neno kwamba nyumba iko tayari. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, mavuno yakishaingia ndani. Desemba watu wako shambani, utamkuta mjomba mmoja asiye na kauli.

Barua iandikwe kwa mkono. Taja jina lako kamili, baba yako, ukoo, kijiji, dini, kazi na namba ya simu ya mshenga. Jina la binti liandikwe lote. Nyumba yenye mabinti watatu haitakisii. Kiasi cha mahari usikiandike humo, hapo utakuwa umewanyang'anya wazee neno lao. Ndani ya bahasha weka fedha, noti safi. Kiasi muulize shangazi.

Siku yenyewe waende wawili au watatu, wewe ubaki nyumbani. Bahasha huwekwa juu ya sahani yenye kitambaa, haipenyezwi mkononi mwa mzee. Kwa kawaida haifunguliwi hapo hapo: shangazi huingia nayo ndani, akamwuliza binti kama anawajua hawa wageni. Akikana, bahasha hurudi na fedha zake. Akikubali, subirini majibu, hata wiki mbili, bila kupigapiga simu.

Orodha ikija, isomeni mstari kwa mstari. Ng'ombe ni wa kuswagwa au wa fedha? Kama ni fedha, kila mmoja shilingi ngapi? Kama binti ni mjamzito au mmekwisha kuishi pamoja, mshenga alijue hilo mapema, kwa sababu faini huhesabiwa kando ya mahari, na akishtukizwa mbele ya wazee hana pa kushika. Kupunguziwa kunaombwa kwa upole, kipengele kimoja kimoja. Mkilipa kidogo kidogo, andikeni kwenye daftari mbili: ng'ombe 5, wamelipwa 2, tarehe, sahihi za pande zote. Ugomvi mwingi wa miaka ya baadaye huzaliwa na malipo yasiyoandikwa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijatimia, lakini mshenga asilitumie hilo kama fimbo ya kubishania. Ukumbuke pia kwamba kusudio la kuoana hutolewa taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa.

Blanketi la bibi lililomo kwenye orodha usiligeuze fedha. Makete na Njombe mwezi Julai baridi ni kali. Bibi hulikunjua palepale, akalipapasa kupima uzito, na jepesi huweza kurudishwa na mshenga yule yule aliyelileta.