Paja limekufa ganzi baada ya damu kuvujia ndani ya msuli: mazoezi tuliyofanya nyumbani Lamu

Mimi si daktari, ni mama tu. Mwanangu ana himofilia A, yani fakta 8, ile protini ya kugandisha damu, imepungua mwilini, na mwaka jana alivujia damu ndani ya ule msuli mkubwa unaoshuka toka kiunoni kupitia kinena. Mwanzo tulidhani ni apendiksi, analia tumbo la chini upande mmoja, mguu kaukunja hataki uguswe. Kumbe damu imejaa mule ndani ikabana mshipa wa fahamu wa paja, ndo mbele ya paja ikafa ganzi na goti likawa halishiki, akisimama tu lamkunjika.

Sasa kabla ya zoezi lolote, fakta kwanza. Huyu ni mgonjwa wa kulazwa sio wa kusubiri nyumbani, kwa hivyo usiku usiku tafuta mtaboti (boti ya injini) mvuke mpaka Mokowe, bara, kama dawa hapa haipo, msingoje asubuhi. Na jamani msimkande! Najua nyanya atatoa mafuta yake ya simsim na jirani atakutajia mtu wa hijama (kuumika damu), wote wanakutakia heri lakini kumkanda ni kuamsha damu upya na hijama ndo usiseme kabisa. Sindano ya matakoni hapana, aspirini, brufen na diklofenaki pia hapana, ya maumivu muulize daktari, sisi tulipewa paracetamol.

Mazoezi tulianza pale maumivu yalipotulia, ultrasaundi ikaonyesha damu imesimama, na fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akakubali. Siku za fizio alichomwa fakta kabla, hilo msiliache. La kwanza ni dogo hata utacheka: analala chali, taulo limekunjwa chini ya goti, anagandamiza goti chini kama anataka kulibonyeza lile taulo, ahesabu mpaka 5 kisha alegeze. Mara 10 hivi. Wiki za mwanzo paja halikucheza kabisa, nikawa naweka mkono juu yake na yeye analitizama, fizio anasema kutizama na kugusa husaidia ubongo kulitafuta.

Kunyoosha nyonga ndo kwataka subira. Alikuwa halali kifudifudi kwa vile kinena kimevuta, basi tukaanza na mto chini ya tumbo, dakika chache, kila siku chache twapunguza unene wa mto. Usimsukume mgongoni hata kidogo. Akisema yauma mwachie hapo hapo, na maumivu yakibaki au ganzi ikizidi rudi hospitali, huenda anavuja tena.

Goti lisiloshika ni hatari nyingine, akianguka atavujia kwenye goti lenyewe. Alivaa kifaa cha kushikilia goti na akatembelea magongo, na chumba nikamhamishia chini manake ngazi za nyumba zetu hizi za mawe mwazijua. Vichochoroni mtu mzima alitangulia kuzuia punda. Na pale penye ganzi usiweke chupa ya maji moto wala barafu bila kitambaa, ataungua na hatajua.

Muda? Mshipa wa fahamu unamea kama milimita 1 kwa siku, na toka kinenani mpaka chini ya paja hesabu mwenyewe, ni miezi. Kwake mwezi wa kwanza hakuna kitu, halafu akaanza kusema ahisi visindano sindano, mimi nikaogopa, fizio akafurahi. Baadaye akaruhusiwa kutembea majini, maji ya kiunoni yasiyo na mawimbi, mguu unakuwa mwepesi.

Siku hizi anakwenda Shela, kijiji cha jirani, kwa miguu maji yakitoka. Mpira bado namkatalia, tumekosana kwa hilo.