Kwako inafunguka, kwa mteja inalilia DLL: jinsi ninavyoisaka maktaba iliyokosekana

Jumamosi saa tatu asubuhi dogo mmoja ninayemwelekeza kazi alinipigia. "Shikamoo kaka." Marahaba yangu haijaisha, akaendelea: "Niko Gerezani, duka la spea. Programu kwangu ilikuwa inapiga kazi vizuri, hapa inakataa. Mzee ananiangalia tu." Nikapanda mwendokasi kutoka Kimara. Tulitoka dukani saa tisa alasiri. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika ishirini, muda wote uliobaki tulikuwa tunazunguka.

Programu ilikuwa ya mauzo na stoo, imeandikwa kwa C++ na Qt 5 (zana ya kutengenezea madirisha na vitufe), inakaa kwenye kompyuta ya kaunta na kusoma MySQL, hifadhidata iliyo kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. DLL ni faili ya maktaba, yaani kodi ambayo programu ya Windows huiazima inapotembea; ikikosekana, programu inagoma. Mifano yangu inatoka hapo. Ukitumia zana nyingine, majina ya faili yatabadilika ila msako ni huuhuu.

Hatua ya 1: Soma jina la faili hadi herufi ya mwisho

Kidirisha cha kosa kikitokea, usikimbilie OK. Kipige picha kwa simu kwanza.

Kikitaja VCRUNTIME140.dll, MSVCP140.dll au VCRUNTIME140_1.dll, programu ilikompailiwa (iligeuzwa kutoka kodi kuwa .exe) kwa Visual Studio ya 2015 au ya baada ya hapo, na mashine ya mteja haina maktaba za msingi za Microsoft. Chukua vc_redist.x64.exe kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, sakinisha, umemaliza. Programu ikiwa ya biti 32 unahitaji vc_redist.x86.exe, hata kama Windows ni ya biti 64. Mimi zote mbili ziko kwenye flashi muda wote. Kumalizia mteja bando kwa kitu ambacho ungekuja nacho mfukoni si ustaarabu.

Jina likiwa na D mwishoni, mfano MSVCP140D.dll, au likiwa ucrtbased.dll, usiitafute faili hiyo popote. Umemletea mteja toleo la Debug, lile la kutafutia makosa, na maktaba zake Microsoft hawaruhusu zisambazwe. Rudi ukakompaili Release, toleo la kumpa mteja.

Ukiona libstdc++-6.dll, libgcc_s_seh-1.dll au libwinpthread-1.dll, hapo ulitumia MinGW, kompaila nyingine isiyo ya Microsoft. Zimo kwenye folda ya bin ya MinGW ileile uliyokompailia, zinakili zikae pamoja na .exe. Nasema "ileile" makusudi. Programu ikiangukia libstdc++-6.dll ya zamani iliyoachwa na programu nyingine, kidirisha kitaanza kulalamikia "procedure entry point". Maana yake faili imepatikana, ila kitu kinachotafutwa ndani yake hakimo.

Namba 0xc000007b haitaji faili yoyote. Mara nyingi ni biti 32 na biti 64 zimechanganywa. Mchanganyiko huo tutakutana nao mbele.

Hatua ya 2: Funga hiyo tovuti ya DLL

Nilipofika, dogo alikuwa keshafungua tovuti moja ya kugawa DLL mojamoja, yenye kitufe kikubwa cha kijani. Hujui nani kaiweka faili ile, ni toleo gani, wala ndani imebeba nini. Halafu maelekezo yao yanakwambia uitupie System32, folda ya Windows yenyewe, ambako ikiwa mbovu itasumbua na programu nyingine ambazo hazijakukosea kitu. Hili huwa sibishani na mtu. DLL inatoka kwa aliyeitengeneza au kwenye mashine uliyokompailia, basi.

Hatua ya 3: windeployqt

Hii ni zana ya Qt inayokusanya maktaba za Qt ambazo programu inazihitaji. Fungua terminali iliyokuja na Qt uliyokompailia, nenda ilipo .exe, andika:

windeployqt --release --compiler-runtime mauzo.exe

Itanakili Qt5Core.dll na wenzake, pamoja na folda ya platforms yenye qwindows.dll. Folda nzima ndiyo unayompelekea mteja. Dogo alikuwa kabeba .exe peke yake.

Hatua ya 4: Programu inafunguka, lakini draiva haipandi

Hapa ndipo Jumamosi yetu ilipoishia.

Baada ya hatua ya 3, dirisha la kuingia lilitokea vizuri. Mzee akatabasamu. Dogo akaandika nywila, na ujumbe ukaja: QMYSQL driver not loaded, yaani draiva, kipande kinachoiunganisha Qt na MySQL, haijapakiwa. Chini yake orodha ya draiva zilizopo, na QMYSQL imo kwenye orodha! Tukafungua folda ya sqldrivers, qsqlmysql.dll hii hapa, tunaiona kwa macho.

Maelezo yake ni haya. Qt inapoorodhesha draiva inasoma tu kitambulisho kilicho ndani ya faili, haijaipakia bado. Kuipakia ndiko kulikoshindikana, kwa sababu qsqlmysql.dll nayo inahitaji maktaba nyingine, libmysql.dll, na hiyo haikuwepo. Ni kama madeni ya mtaani: unamdai Juma, Juma anakwambia anamdai Ali, na Ali kasafiri. Wewe unamkasirikia Juma aliye mbele yako. windeployqt haitakuokoa hapa, kwa sababu inabeba vitu vya Qt, na libmysql.dll si ya Qt.

Ujumbe wa Windows nao unapotosha. Ukifungua cmd, ukaandika set QT_DEBUG_PLUGINS=1, kisha ukaiendesha programu kutoka hapohapo huku DebugView ya Sysinternals (zana inayoonyesha ujumbe wa ndani wa programu) iko wazi pembeni, utaona mstari unaosema qsqlmysql.dll haikupakiwa kwa kuwa "The specified module could not be found". Inakutajia faili iliyopo, inasema haipo. Isome hivi: ama faili hii, ama mojawapo ya zile inazozitegemea, haikupatikana.

Basi ziko wapi hizo zinazotegemewa? Mimi natumia programu iitwayo Dependencies, inayoonyesha faili fulani inategemea DLL zipi na ipi haipo. Ni bure, haisakinishwi, inatembea kwenye flashi. Wapo wanaong'ang'ania Dependency Walker. Ile ilikoma 2006, na kwenye Windows 10 inakupakia majina kibao ya api-ms-win yakionekana hayapo, kumbe hayana tatizo. Nilishawahi kupoteza jioni nzima kwa ajili yake, sirudii.

Mambo matatu kuhusu Dependencies. Kwanza, iendeshe kwenye mashine ya mteja, kwako itakuonyesha kila kitu kipo. Pili, ukifungua mauzo.exe pekee hutaiona libmysql.dll kabisa, maana plagini (kipande cha nyongeza, kama hii draiva) huitwa programu ikiwa tayari inatembea. Fungua qsqlmysql.dll yenyewe. Tatu, ukiifungua hiyo plagini, Qt5Core.dll inaweza kuonekana imekosekana. Usihangaike nayo, iko folda ya juu, na programu ikitembea itaiona. Unayoitafuta ni ile isiyopatikana kokote.

Tukapata jina, libmysql.dll. Dogo akaichukua kwenye folda ya MySQL ya kompyuta ya nyuma, akaiweka ndani ya sqldrivers, jirani na plagini. Ujumbe uleule. Hapo tulikaa zaidi ya saa nzima. Tukazima mashine, tukawasha, tukasakinisha vc_redist upya. Mzee akauliza, "Vijana, hii si ilikuwa kuchomeka flashi tu?" Hatukuwa na jibu.

Kosa lilikuwa mahali. Qt ikiita plagini, Windows haitafuti maktaba inazozitegemea kwenye folda ya plagini. Kwa kawaida inaanza na folda ilipo .exe, kisha System32, kisha folda ya Windows, kisha folda uliyosimama, mwisho zile zilizoorodheshwa kwenye PATH, orodha ya folda ambazo Windows huzipitia kutafuta faili. Kwa hiyo libmysql.dll inakaa pamoja na mauzo.exe. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwa dogo ilifanya kazi: kwenye laptopu yake folda ya MySQL imo kwenye PATH.

Tukaihamisha. Bado. Safari hii ujumbe kwenye DebugView ulibadilika, ukasema si programu halali ya Win32. Hiyo ni lugha ya biti. MySQL ya kompyuta ya nyuma ilisakinishwa zamani, ya biti 32, na programu yetu ni ya biti 64. Kama huna zana, fungua DLL kwa Notepad, kwenye mistari ya mwanzo tafuta herufi PE. Ikifuatiwa na L ni biti 32, ikifuatiwa na d ni biti 64. Wala usidanganywe na majina ya folda: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na SysWOW64 ina za biti 32.

Tukavuta libmysql.dll ya biti 64 kutoka kwenye laptopu ya dogo. Hiyo nayo, kwa kuwa ni ya MySQL 8, ilimdai mwingine: libssl na libcrypto. Ziko kwenye folda ya bin ya MySQL hiyohiyo. Tukaziweka zote kando ya .exe, programu ikaingia, na orodha ya brekipedi ikajaa kwenye skrini.

Hatua ya 5: Ijaribu ikiwa uchi kabla hujatoka nyumbani

Kwenye cmd ya mashine yako:

set PATH=C:\Windows\System32;C:\Windows
mauzo.exe

PATH inabadilika ndani ya dirisha hilo tu. Kama kuna kitu programu ilikuwa inakiazima kutoka kwenye mashine yako, mara nyingi kitajulikana papo hapo. Haikamati vc_redist, maana hiyo kwako imo ndani ya System32. Kwa hiyo mwenye Windows Pro atumie Windows Sandbox (Windows safi ya muda ndani ya Windows yako), mwenye Home atafute mashine pepe. Usiishie kuifungua tu. Ingia, soma data, chapisha risiti moja.

Wa Linux

ldd ./mauzo | grep "not found"

ldd inaorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji. Kinachotokea hapo kisakinishe kwa apt. Plagini nazo zipigie ldd mojamoja, kwa sababu ileile ya hatua ya 4. Maktaba zako mwenyewe zikae kwenye folda ya programu, na uunganishe kwa RPATH ya $ORIGIN, inayoiambia programu itafute maktaba kwenye folda yake yenyewe. LD_LIBRARY_PATH, orodha ya folda za kutafutia maktaba, ni ya kujaribia, usiiache kwenye .bashrc ya mteja. Ukiona GLIBC_2.34 haipatikani (glibc ni maktaba ya msingi ya Linux), ulikompaili kwenye mfumo mpya kuliko wa mteja, mfano Ubuntu 22.04 kwenda 20.04. Kompaili kwenye ule wa zamani. Glibc ya mteja usiiguse.