Somo: Kununua helmeti za vita vya zamani bila kupigwa

Wakuu salaam, wengi mmeniuliza hii shughuli nimeianzaje, leo nimetulia hapa Dom acha niwamwagie. Yangu ya kwanza niliikuta inanywesha kuku, sio utani. Nimeenda kumsalimia mzee mmoja nje kidogo ya mji, niko kwenye kigoda naona kuku wanagombania maji kwenye karai la ajabu, bapa halafu lina ukingo mpana, kuligeuza ni helmeti ya Mwingereza, Mk II. Nikamnunulia karai jipya na hela ya sukari juu.

1. Sheria kwanza. Chochote cha jeshi letu usiguse. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe sare, wewe usije ukajitetea eti ni mkusanyaji. Na ukiletewa "kofia" pamoja na kitu kama kombora, ondoka hapo piga simu polisi.

2. Jua historia, ndio inayookoa hela. Kuna jamaa aliniletea helmeti ya Mjerumani anasema imeokotwa Kondoa kwenye mapigano ya Mei 1916. Nikacheka. Hizo za chuma Mjerumani alianza kuzigawa 1916 hukohuko Ulaya, kwenye mapigano ya Verdun Ufaransa, huku kwetu askari wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, walivaa tarbushi yenye kitambaa cha kaki kinachofunika shingo, na wazungu wengi helmeti za jua. Hata babu zetu wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma Vita vya Pili, kwenye picha nyingi wana kofia laini ya ukingo mpana, sio chuma.

3. Sumaku. Toa ile ya spika ya redio mbovu. Mk II ya vitani na M1 ya Mmarekani ni chuma cha manganizi, sumaku hainati, ukiiachia inadondoka tu. Za Mjerumani inanata.

4. Geuza uangalie ndani, hapa ndio utumie muda wako. Nje mtu anapuliza rangi dakika kumi, ila ndani hadanganyi kirahisi. Mk II ina skrubu moja katikati inayoshika kitambaa cheusi cha ndani, na vile vishikizo vya mkanda wa kidevuni mara nyingi vimepigwa muhuri wa kiwanda na mwaka, futa vumbi taratibu utausoma. M1 angalia mshono wa ukingo, ukiwa mbele ni ya kabla ya mwishoni mwa 1944, baadaye wakauhamishia nyuma.

5. Utunzaji. Msasa HAPANA, ukishakwangua rangi ya kiwandani umeiua, na zile rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, vumbi lake sio la kuvuta. Brashi laini, mafuta kidogo ya cherehani kwenye chuma tu, ngozi usiiguse. Ukame wetu wa Dodoma ni baraka, wenzetu wa Tanga na Dar chumvi ya bahari inawalia chuma.

MASWALI

Mdau wa Kongwa: Mkuu yangu Mk II ina matundu matatu yamekaribiana nyuma ya ukingo, nimeuziwa mbovu?
Jibu: Hapana kaka, hiyo ni ya Afrika Kusini, matundu ni ya kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua. Yale yanayoashiria chuma cha ubora wa chini, kilichopewa raia wa ulinzi Uingereza, hutobolewa kwingine kwenye ukingo, na hizo sumaku inanata.

Mdau wa Chang'ombe: Wauza skrepa wanaweza kuwa nazo?
Jibu: Wanazo ila wahi, wao wanapima kilo tu, ikishapandishwa kwenye lori ndio basi. Mwachie mtu namba yako na umwonyeshe picha. Na usimwambie unaitafuta kwa hamu, bei itapaa hapohapo.

Mdau wa Manyoni: Ipo yenye tundu la risasi, anataka mara tatu ya bei.
Jibu: Pitisha kidole ndani. Kingo zikiwa laini kama za drili na kutu haijaingia, mwache nayo.

Mdau wa Kongwa: Na mzee wa kuku bado anazo nyingine?
Jibu: Mkuu, huyo mzee ni wangu.