Inama Utazame Chini ya Chungu

Mkulima wa maua ya vyungu akikutembeza kitaluni mwake hukuonyesha majani yanayong'aa na maua yaliyochanua kwa pamoja. Mimi huomba ruhusa niiname kwanza. Sehemu kubwa ya madhara ambayo kilimo hiki huyaletea mazingira hupitia kwenye matundu ya chini ya chungu, na huko ndiko mkulima anakoweza kuyazuia.

Wengi humwagilia mpaka maji yatiririke, kisha huongeza kidogo ili kuwa na uhakika. Maji hayo huondoka na mbolea. Nitrati iliyomo kwenye mbolea hiyo haishikwi vizuri na udongo, kwa hiyo huzama hadi kwenye maji ya visima, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Fosfati, ambayo nayo imo kwenye mbolea, ikifika bwawani hustawisha mwani. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi.

Pima mwenyewe. Chagua vyungu kumi sehemu mbalimbali za kitalunyumba, weka sahani chini ya kila kimoja, pima maji unayomwaga na yale yanayotoka. Asilimia 10 hadi 20 ikitoka inatosha kusafisha chumvi za mbolea zinazobaki chunguni. Ikizidi hapo, unatupa mbolea uliyoinunua. Rudia siku ya jua kali na siku ya mawingu, maana ratiba moja haiwezi kufaa siku zote mbili. Ukimwagilia mara nyingi kwa kipimo kidogo, mvujo hupungua haraka.

Njia nzuri zaidi ni meza zinazojazwa maji kwa chini, mizizi ikanywa na yaliyobaki yakarudi tangini. Lakini maji yanayorudi hubeba vimelea vya kuoza mizizi, kama Pythium na Phytophthora, na chumvi nayo hujilimbikiza. Yapitishe kwenye chujio la mchanga la mwendo wa polepole, na upime chumvi mara kwa mara.

Sasa kilichomo chunguni. Wengi hupandia pitimosi, yaani mabaki ya mimea yasiyooza kabisa, na hiyo huchimbwa kwenye vinamasi ambako mabaki ya mimea hurundikana kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Vinamasi hivyo ni kama asilimia 3 ya nchi kavu ya dunia, ila vimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Vikikaushwa, kaboni hiyo hupanda hewani. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito zaidi ya kubadilika, ila badilika taratibu: anza na sehemu ndogo ya vyungu vyako kwa mchanganyiko wa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), magome ya miti yaliyooza na mboji iliyoiva. Kokopiti huja na sodiamu na potasiamu nyingi. Isafishe kwa maji, kisha iloweke kwenye kalsiamu nitrati. Tena hukauka juu huku chini kukiwa bado na unyevu, na mkulima akidanganyika na macho humwagilia kupita kiasi. Nyanyua chungu usikie uzito wake.

Vyungu vyeusi vya plastiki ni tabu nyingine: rangi yake hunyonya mwanga unaotumiwa na mashine za kuchambua taka, hivyo vingi havirejelezwi. Chagua rangi nyingine, au vioshe, uviue vijidudu na uvitumie tena.

Kwenye baridi kali, nishati ya kupasha joto kitalunyumba hudhuru mazingira kuliko yote niliyoyataja. Ziba nyufa kwanza, kisha funga pazia la kuhifadhi joto usiku.

Na ukitumia paklobutrazoli, dawa ya kupunguza kasi ya ukuaji, kufupisha shina, kumbuka hukaa udongoni muda mrefu. Jaribu kwanza kuachanisha vyungu ili mimea isigombanie mwanga. Udongo uliokwisha kunyweshwa dawa hiyo usiupandie miche mipya. Itadumaa, nawe utadhani imekosa mbolea na kuiongezea.