Taimingi ya Toyota 4A na 5A: mkanda kwanza, distribyuta mwisho

Injini za Toyota 4A-FE na 5A-FE, zile za Corolla 110, Carina Ti na Spacio za mwanzo, zina mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati unaolingana na pistoni, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hazigongi pistoni. Gari linazima tu. Hilo huwafanya mafundi wengi walegee, maana hata mkanda ukiruka jino moja injini inawaka. Mwenye gari anaondoka nalo, halafu anarudi kulalamika kuwa haliwezi mlima na linakula mafuta.

Toa waya hasi wa betri, plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, mikanda ya nje na kava ya valvu. Mauntini ya kulia, kishikizo cha injini, usiifungue kabla ya kuikinga injini kwa jeki na kipande cha ubao.

Zungusha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa spana, mwelekeo wa saa, mpaka mkato wa puli yake usimame kwenye 0 ya kava ya chini ya mkanda. Wengi hukosea hapa. Krenki huzunguka mara mbili kemishafti (shafti inayofungua valvu) ikizunguka mara moja, kwa hiyo 0 peke yake haitoshi. Tazama tundu dogo la puli ya kemishafti: alama ya kepu ya beringi lazima ionekane katikati ya tundu. Chungulia kwa jicho moja, usawa wa puli. Ukitazama kimshazari utaona alama zimelingana kumbe bado. Usipoiona alama kabisa, ongeza mzunguko mmoja kamili wa krenki.

Sasa toa puli ya krenki na kava za mkanda. Alama ya gia ya krenki itazamane na alama ya bodi ya pampu ya oili. Legeza bolti ya idla, puli inayokaza mkanda kwa springi, isukume ikalegeze mkanda, ibane kidogo, toa mkanda. Zungusha idla kwa kidole, ikikwaruza, badilisha. Sili ya krenki au ya kemishafti ikivuja, weka mpya sasa hivi, kwa sababu oili hula mkanda.

Mkanda mpya anzia krenki, upande usio na idla uvutike vizuri, kisha kemishafti, idla mwisho. Legeza bolti ya idla springi ifanye kazi yake, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, daima mwelekeo wa saa, ukague alama zote upya. Zikilingana, kaza idla kwa 37 Nm. Ukiubonyeza mkanda kwa nguvu ya kilo 2, ubonyee milimita 5 hadi 6. Zisipolingana hata kwa jino moja, toa, anza upya. Kisahani kinachokaa mbele ya gia ya krenki kinarudi upande wake uliobonyea ukitazama nje; bolti ya puli ni 118 Nm.

Injini ikishapata moto, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 ya soketi ya uchunguzi, funga tochi ya taimingi kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza: isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, huendeshwa na kemishafti, hivyo jino likiruka, cheche nayo inahama. Fundi akizungusha distribyuta hadi tochi isome 10, cheche imerudi mahali pake lakini valvu bado zinafunguka wakati usio wao. Kama hukuigusa distribyuta na kabla ya kazi ilisoma 10, sasa haisomi, usiisogeze. Fungua kava urudie alama.