Biskuti ipi ina nafuu? Namna ya kuipima dukani kabla hujatoa hela

Simama mbele ya rafu ya biskuti kwenye duka la jumla pale Makoroboi, Mwanza, au kwenye kioski karibu na kivuko cha Kamanga. Kila pakti inajisifu kwa mbele: maziwa, glukosi, vitamini, ngano nzima. Sifa hizo hazitoshi kukuchagulia. Jibu liko nyuma ya pakti kwa herufi ndogo, na ukishazoea kulisoma linachukua dakika moja. Tofauti kati ya biskuti na biskuti ipo, tena si ndogo: pakti moja inaweza kuwa na sukari mara mbili ya iliyopangwa kando yake. Ila hakuna biskuti inayogeuka kuwa chakula cha kujenga mwili. Kuna zenye nafuu tu, na nafuu hiyo inapotea ukimaliza pakti nzima kwa mkao mmoja.

Unahitaji simu yenye kikokotoo na kijiko cha chai cha kawaida. Mzani mdogo wa jikoni utasaidia kwenye sehemu ya kuoka.

Hatua ya 1: Tafuta safu ya gramu 100

Geuza pakti utafute jedwali la virutubisho. Mara nyingi lina safu mbili za namba: moja ya gramu 100, nyingine ya "mlo mmoja". Iache hiyo ya mlo mmoja. Kiwanda ndicho kinachoamua mlo mmoja ni biskuti ngapi, na mmoja akihesabu mbili huku mwenzake akihesabu nne, namba zao haziwezi kushindanishwa. Safu ya gramu 100 inaziweka biskuti zote kwenye mzani mmoja.

Kama nishati imeandikwa kwa kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kilokalori. Lakini usipoteze muda mwingi hapo. Biskuti karibu zote zina kilokalori 420 hadi 520 kwa gramu 100, kwa sababu zote ni unga, sukari na mafuta, vikaokwa mpaka maji yakauke. Tofauti ya maana imejificha kwenye sukari, aina ya mafuta, chumvi na nyuzinyuzi.

Hatua ya 2: Geuza sukari iwe vijiko

Gramu hazimwambii mtu kitu. Vijiko vinamwambia. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari. Fanya hivi:

1. Soma sukari kwa gramu 100.
2. Zidisha kwa uzito wa pakti, gawanya kwa 100.
3. Gawanya jibu kwa 4.

Mfano: pakti ya gramu 50 yenye sukari 24 kwa gramu 100. 24 × 50 ÷ 100 = gramu 12, yaani vijiko 3. Pakti ya biskuti za krimu ya gramu 70 yenye sukari 36 kwa gramu 100 inatoa gramu 25, yaani vijiko 6 na ushei.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Kwa mtoto mdogo anayetumia kama 1,400, ni gramu 35 na 17. Kwa hiyo ile pakti ya krimu aliyoimaliza mtoto kwenye mapumziko ya saa nne imeshapita kile kipimo cha asilimia 5 cha siku nzima, na hajanywa chai yenye sukari wala soda.

Hesabu na chai pia. Biskuti zenye vijiko 3 pamoja na kikombe chenye vijiko 2 ni vijiko 5. Nyumba nyingi zinabishana kuhusu biskuti wakati sukari nyingi zaidi inaingilia kwenye kikombe.

Hatua ya 3: Angalia mafuta yaliyoshiba

Mafuta yaliyoshiba, yale ambayo lebo za Kiingereza huyaita "saturates" au "saturated fat", ndiyo yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Biskuti nyingi za viwandani huokwa kwa mafuta ya mawese kwa sababu huwa nusu mgando kwenye joto la kawaida na huipa biskuti ule ulaini wa kuvunjika mdomoni. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yaliyoshiba. Ya alizeti ni kama sehemu moja kati ya kumi.

Ndiyo maana maneno "haina kolesteroli" yasikutulize. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli tangu asili, lakini yakiwa yameshiba bado yanaipandisha mwilini.

Mpaka unaofaa kuukariri ni ule wa mfumo wa rangi kwenye lebo za chakula unaotumika Uingereza, ambako nyekundu maana yake ni nyingi mno. Kwa gramu 100, sukari zaidi ya 22.5 ni nyekundu, mafuta yaliyoshiba zaidi ya 5 ni mekundu, chumvi zaidi ya 1.5 ni nyekundu. Lebo ikitaja "sodium" badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Kuna neno moja la kukufanya urudishe pakti rafuni bila hesabu yoyote: "partially hydrogenated". Hayo ni mafuta yaliyogandishwa nusu kiwandani, na ndiyo chanzo kikuu cha mafuta ya transi, mabaya kwa moyo kuliko hata yaliyoshiba.

Hatua ya 4: Soma viambato vitatu vya mwanzo

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Unga wa ngano, sukari, mafuta: huo ndio mpangilio wa kawaida. Sukari ikiwa ya kwanza, unashika peremende yenye umbo la biskuti.

Sukari pia hugawanywa kwa majina ili isionekane juu: sirapu ya glukosi, dekstrosi, fruktosi, asali, sirapu ya dhahabu. Zijumlishe zote kichwani. Kwa lebo ya Kiingereza, shuku kila neno linaloishia na "-ose" na kila lenye "syrup".

"Ngano nzima" pia inahitaji kuhojiwa. Kama kiambato cha kwanza ni unga wa ngano wa kawaida na ngano nzima iko ya tano, ni pambo tu. Namba ya nyuzinyuzi ndiyo shahidi: gramu 3 kwa 100 ni kiasi cha kutajwa, 6 ni nyingi. Chini ya 3, rangi ya kahawia isikudanganye.

Vitamini nazo? Unga wa ngano wa viwanda vikubwa nchini hurutubishwa kwa madini chuma, zinki, asidi foliki na vitamini B12, kwa hiyo hata chapati ya nyumbani inaweza kuwa na virutubisho hivyo. Kuviandika kwenye pakti ya biskuti hakufuti sukari iliyomo.

Hatua ya 5: Linganisha aina kwa aina

Namba hubadilika kwa kiwanda, lakini hali ya kawaida kwa gramu 100 ni hii.

Biskuti nyembamba za chai, zile za duara zenye matundu, huwa na sukari karibu 20 na mafuta 10 hadi 13. Ni kavu, nyepesi, na mara nyingi ndizo chaguo salama kwenye kioski. Za glukosi zinafanana nazo, sukari 20 hadi 25. Jina glukosi halina dawa ndani yake. Mgonjwa anayehitaji nguvu haponi kwa hizo.

Za krimu, sukari 30 hadi 38 na mafuta kama 20. Krimu yenyewe si maziwa; ni sukari ya unga iliyopigwa na mafuta magumu. Zenye chokoleti ziko hapo hapo. Za tangawizi huwashangaza wengi: zina mafuta kiasi, ila sukari inaweza kufika 35, kwa kuwa ugumu wake unatokana na sukari hiyo.

Zile nene za ngano nzima, "digestive", zina sukari ndogo kuliko hizo, 15 hadi 18, na nyuzinyuzi 3 au 4. Ubaya wake ni mafuta: kama 20, na karibu nusu yake yaliyoshiba iwapo ni ya mawese. Tena moja ina gramu 15 wakati ya chai ina 6 au 7. Mbili za ngano nzima ni sawa na nne za chai. Anayekula mbili akidhani amekula kidogo amejipunja hesabu.

Krakasi za chumvi ("crackers") zina sukari chini ya 5 kwa kawaida, lakini mwenye presha asome chumvi kwanza. Biskuti "za kisukari" zimetolewa sukari, unga umebaki, na unga wa ngano hugeuka glukosi mwilini upesi. Mwenye kisukari azihesabu kama wanga, asizile kama mboga.

Ukiniuliza agizo la kununua: krakasi au biskuti nyembamba ya chai kwa siku za kawaida, ya ngano nzima ukiwa na njaa ya kweli, krimu kwa sikukuu.

Hatua ya 6: Zisizo na lebo

Biskuti zilizovunjika na zinazopimwa kwenye mifuko myepesi sokoni hazikuambii lolote. Fanya jaribio: iweke moja juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa karatasi nyingine, bonyeza kwa dakika kumi. Doa pana linalopitisha mwanga ni dalili ya mafuta mengi. Nusa pia. Harufu ya rangi ya ukutani au mafuta ya kukaangia yaliyochoka maana yake mafuta yameharibika kwa joto, hali ya kawaida kwa katoni zilizolala kwenye duka la bati juani. Na hewa ya ziwani ina unyevu. Biskuti iliyolegea bila kuwa na harufu mbaya imenyonya maji tu. Irudishie ukavu kwa dakika tano kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana.

Kwa pakti zilizofungwa, tafuta alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakti isiyo na jedwali la virutubisho kabisa, mwachie mwenye duka.

Hatua ya 7: Kipimo na wakati

Toa biskuti tatu au nne kwenye sahani, funga pakti, iweke mbali. Kwa meno, idadi ya mara unazokula inadhuru kuliko wingi: kila mara sukari ikigusa meno, bakteria hutengeneza asidi kwa karibu nusu saa, na biskuti hugandamana kwenye magego. Nne zilizoliwa pamoja na chai ni nafuu kuliko nne zilizogawanywa kutwa nzima. Maji ya kunywa yafuate.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hana nafasi ya biskuti tumboni; uji uliotiwa dagaa waliosagwa unamfaa mara kumi. Na kwa mtoto wa shule kuna matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Vina utamu wake wa asili, nyuzinyuzi, na havijaongezwa sukari wala mafuta. Pamoja na konzi ya karanga hushibisha hadi mchana. Chini ya miaka 5, karanga zipondwe, zisimpalie.

Hatua ya 8: Oka zako, biskuti 24

Unga wa atta (ngano nzima) gramu 150, unga mweupe gramu 50, karanga zilizokaangwa na kutwangwa gramu 50, sukari gramu 40 (vijiko 10 vya chai), mafuta ya alizeti mililita 50, yai 1, beking pauda kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko, maziwa vijiko 1 hadi 2 vya chakula.

Chambua karanga kwanza. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya kijani tupa. Huko ndiko sumukuvu hukaa, na kukaanga hakuimalizi.

Changanya vikavu. Piga yai, sukari na mafuta mpaka vishikane, mimina kwenye unga, kusanya kwa vidole. Usikande kama chapati: ukikanda, ngano inavuta na biskuti inakuwa ngumu kama mbao. Ikipasuka, ongeza maziwa kijiko kwa kijiko. Sukuma unene wa milimita 5, kata kwa mdomo wa glasi ndogo, toboa kwa uma ili mvuke utoke.

Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu sentimita 2 ndani ya sufuria kubwa, funika, pasha dakika 15. Weka sinia yenye biskuti juu ya mchanga, funika, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Anza na biskuti moja ya majaribio. Ikiungua chini kabla ya dakika 8, punguza makaa ya chini. Ikikaa dakika 20 bado nyeupe, ongeza ya juu. Kawaida ni dakika 12 hadi 15.

Zitatoka laini na zisizo na rangi kali, kwa kuwa sukari ndiyo inayotoa ule ukavu wa kuvunjika na wekundu. Zirudishe dakika 10 kwenye sufuria moto ukiwa umeondoa makaa ya juu, kisha ziache zipoe kabisa kabla ya kuziweka kwenye kopo. Zikifunikwa zikiwa na joto, mvuke huzilegeza na ukungu unaweza kufuata.

Hesabu yake: sukari karibu gramu 11 kwa 100, nyuzinyuzi kama 6, mafuta yaliyoshiba karibu 3. Mafuta yote kwa jumla hufika 22, sawa na ya ngano nzima ya dukani, kwa sababu ya karanga na alizeti. Kila moja ina sukari isiyofika nusu kijiko.